Zamu ya Baba

Haya ni maneno niliyoyasema siku tuliyokusanyika kumkumbuka baba yetu. Nimeyaandika kutoka kwenye karatasi niliyokuwa nayo mkononi, pamoja na mengine yaliyonitoka papo kwa papo.

Mama yangu, baba wadogo na mashangazi, kaka na dada zangu, wajukuu wa Babu, na ninyi wazee wetu wa safu ya mbele mliofanya kazi naye melini: shikamooni. Wadogo, shikamoo zangu nitazipokea baadaye.

Nimepewa dakika kumi, na kaka mkubwa amekaa pale akisubiri kukohoa nikizidisha. Baba angenipa moja. Kwake yeye, mambo ya kumwambia mtu unapomkabidhi meli nzima na roho zote zilizomo ni matatu tu: tunaelekea nyuzi ngapi za dira, taa gani zinaonekana, upepo unatoka wapi. Anayepokea usukani anarudia alichoambiwa, neno kwa neno, ndipo anayetoka anaachia. Asiporudia huondoki, hata uwe unasinzia wima.

Nyumbani ikawa hivyo hivyo. Ukitumwa kwa jirani, unasimamishwa kwanza mlangoni. "Rudia." "Niseme, Baba amesema ngazi yao ataileta kesho asubuhi, na anashukuru." "Nenda." Ukikosea neno, unaanza upya. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu mume wangu alidhani ninamdharau, maana kila nikimaliza kusema nilikuwa namkodolea macho. Kumbe nangoja arudie.

Maisha yake mnayajua, nitayapita mbio. Alizaliwa 1934. Alipanda meli ya kwanza 1953, kijana wa miaka 19, kazi yake kukwangua kutu na kupaka rangi. Akawa mshika usukani, kisha serahangi, mkubwa wa mabaharia wa sitaha, na hapo akagoma kupanda zaidi. Alisema ukipanda juu ya serahangi unaanza kuogopa kuchafua nguo. Alishuka melini kwa mara ya mwisho 1994, na ametutoka akiwa na miaka 91.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Tangu asubuhi nawasikia mkisema Baba alikuwa mtu wa familia. Alikuwa. Lakini nisiposema ilivyokuwa, nitakuwa nimempamba, na yeye hakupenda kitu kilichopakwa rangi juu ya kutu.

Mama ana daftari. Wengi wenu hamjaliona. Alilianza 1960, wiki Baba aliyoondoka mara ya kwanza baada ya kufunga ndoa, na ndani yake hamna hata sentensi moja. Ni vistari tu, kistari kimoja kwa kila siku ambayo Baba alilala nyumbani. Juzi usiku mimi na dada yangu tulikaa mezani tukavihesabu, kila mmoja peke yake, kisha tukalinganisha. Tangu 1960 hadi 1994 ni vistari 2,316. Ni miaka sita na miezi minne, katika miaka 34.

(Hapa ukumbi ulinyamaza. Mama alikuwa akitabasamu, basi nikaendelea.)

Mimi sikuwa na baba kila siku. Nilikuwa na baba wa barua, na tena barua zenyewe zilibadilika. Mwanzo zilikuwa ndefu, kurasa saba, nane, kwa ile hati yake iliyolala kama mvua ya upepo. Wakati huo shehena ilikuwa magunia, mapipa na marobota, vitu vya kubebwa na kupangwa kimoja kimoja. Meli iliweza kukaa gatini wiki nzima, hata mbili, na baharia akapata muda wa kukaa chini akaandika. Kisha ikaja kontena. Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X ilitoka Newark kwenda Houston, huko Marekani, na makasha 58 ya chuma juu ya sitaha. Baba alikuwa na miaka 22, habari hiyo hata hakuisikia. Ilimfikia baada ya miaka kumi na kitu, na ilipomfikia, wiki ya gatini ikawa siku, siku ikawa saa. Mama anasema hakuhitaji kusoma magazeti ili ajue biashara ya dunia inakwendaje. Kurasa nane zikawa tatu, tatu zikawa moja, mwisho ikawa kadi ya posta: "Tumefika salama. Tunaondoka usiku huu. Niwasalimie wote." Kusema "niwasalimie" badala ya "nisalimie" ni haraka ile ile, wala Mama hajawahi kumcheka kwa hilo.

Mimi nilizaliwa 1968, yeye akiwa kusini kabisa mwa Afrika. Mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa kwa vita tangu Juni 1967, na haukufunguliwa mpaka Juni 1975. Meli 14 zilinasa katika lile ziwa la chumvi lililo katikati ya mfereji, miaka minane, vumbi la jangwa likazipaka manjano. Ya Baba haikuwemo, bahati yetu, ila kila safari ilibidi kuizunguka Afrika nzima. Nilipokuwa shule nilimwambia kwa majivuno kwamba nilizaliwa akiwa kwenye Rasi ya Tumaini Jema, ncha ya bara. Akanisahihisha palepale: ncha ya kusini kabisa ni Rasi Agulhas, Tumaini Jema iko magharibi yake, na mtu asiyejua alipozaliwa baba yake akiwa wapi atapotea. Hebu sikieni sentensi hiyo. Mpaka leo sijaielewa, lakini aliisema kwa uhakika mkubwa.

Telegramu ililipiwa kwa neno, basi Mama alituma matatu: "Binti. Wazima. Jina?" Afisa wa redio aliipokea kwa nukta na vistari, akaiandika kwenye karatasi, akapanda nayo juu. Baba alikuwa kwenye usukani. Akaisoma, akaitia mfukoni, akamaliza zamu yake. Alipotusimulia miaka yote alisema kwamba tangu aisome mpaka alipopokewa, meli haikutoka kwenye njia yake hata kwa uzi mmoja.

Mzee wangu pale mbele, wewe uliyekuwa nyuma ya meli siku ile ukiangalia povu mlilokuwa mkiliacha, naomba unyanyue mkono. Huyo hapo. Ndiye aliyenieleza ukweli miaka kumi iliyopita, akiwa ameniapisha nisiuseme Baba akiwa hai. Povu lilipinda kama nyoka aliyekanyagwa! Nahodha alitoka nje mwenyewe kuuliza kama chombo kimeharibika.

Jibu lake Mama bado analo. "Nimefurahi. Chagua wewe." Maneno matatu, sawasawa na ya Mama.

Kuna barua moja nataka niisome, ni fupi. Nilikuwa natimiza miaka tisa. Meli ilikuwa ikivuka Pasifiki kutoka Marekani kwenda Asia, na ukiuvuka ule mstari wa tarehe kuelekea magharibi unaruka siku moja. Ameandika hivi: "Mwanangu, jana ilikuwa tarehe 13, leo ni tarehe 15. Ya 14 imetudondoka majini, na ndimo ilimokuwa siku yako. Nimemuuliza nahodha, amesema hairudishwi. Usilie. Tukirudi upande ule bahari hulipa."

Nililia. Nikaipeleka barua kwa mwalimu, naye akanionyesha kwenye tufe jinsi ilivyo. Miezi mitatu baadaye ikaja kadi. Walikuwa wamevuka kwenda mashariki, na ukienda mashariki siku hujirudia, unalala Alhamisi unaamka Alhamisi. "Tumepewa Alhamisi mbili. Ya kwanza nimefanya kazi. Ya pili ni yako." Serahangi mzima aliomba ruhusa ya saa mbili, akakaa kwenye kamba zilizokunjwa na kusherehekea peke yake siku yangu ya kuzaliwa, katika mwezi ambao sikuzaliwa. Alhamisi ile ninayo mpaka leo. Ndugu zangu hawana.

Nisiwafanye mdhani bahari ilikuwa kadi na vichekesho. Katikati ya miaka ya themanini mwenye meli mmoja, ambaye simtaji, aliacha kuwalipa. Akanyamaza tu, simu haipokelewi. Meli ikatia nanga nje ya bandari ya ugenini na mabaharia wake ndani, hawaruhusiwi kushuka, miezi mitano. Walitandaza maturubai sitahani kukinga mvua wapate maji ya kunywa. Walivua samaki. Huku nyumbani Mama alishona nguo za watu mpaka usiku wa manane, na ile mashine yake ndiyo sauti ninayoikumbuka kuliko sauti ya Baba katika mwaka huo. Kumbe kila asubuhi Baba aliwapanga vijana wake wakakwangua kutu na kupaka rangi, kama kawaida, katika meli ambayo haikuwa na mtu wa kuwalipa. Nilikuja kumuuliza kwa nini. Akasema, "Meli haikuwa na kosa."

Mkataba wa Kazi za Baharini uliopitishwa 2006 ulipoanza kutumika, tarehe 20 Agosti 2013, alikuwa mstaafu mwenye miaka 79. Alikata habari ile gazetini. Yakaja marekebisho Januari 2017: meli lazima iwe na dhamana ya fedha ya kuwarudisha mabaharia makwao, na wasipolipwa mishahara ya miezi miwili wanahesabiwa kuwa wametelekezwa. Alivaa miwani akatusomea kwa sauti. "Miwili!" akasema. "Sisi mitano." Kisha akakikunja kile kipande, akakiweka kwenye pasi yake ya kusafiria iliyokwisha muda. Kimo humo.

Kuna neno moja la nyumbani kwetu ambalo wageni hutuuliza. Mtu akichoka hasemi amechoka, anasema, "Nimefika mstarini." Ni ule mstari uliochorwa ubavuni mwa meli, duara lililokatwa katikati, lenye herufi kando yake, unaoonyesha mwisho wa kupakia. Uingereza iliulazimisha kwa sheria mwaka 1876, baada ya mbunge Samuel Plimsoll kupiga kelele miaka mingi kuhusu meli zilizojazwa mpaka zikazama na watu wake. Kipande alichokipenda Baba ni kinachofuata: mwanzoni mwenye meli aliachiwa achore mstari mahali apendapo, mpaka 1890 ndipo sheria ikasema uchorwe wapi. Alikuwa akicheka mpaka anajishika ubavu. Mstari wa kujichorea!

Basi Mama akibebeshwa matatizo ya ukoo wote, Baba alimwangalia tu, akainama kidogo kama anayechungulia ubavu wa meli, akasema, "Maji yamefunika herufi." Na hapo alikuwa akitoka mwenyewe kwenda kuwaambia wageni kwamba leo mwenye nyumba hapokei shehena. Wajomba, mnakumbuka.

Aliporudi moja kwa moja 1994, mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu kuliko miaka yote ya kutokuwepo. Nalisema hili kwa ruhusa ya Mama. Aliingia nyumbani kama serahangi aliyekuta sitaha chafu. Akapanga zamu za kufagia. Akapita na nyundo yake ndogo akigonga kila chuma, geti, madirisha, miguu ya kitanda, akisikiliza kutu. Alipaka rangi geti mara tatu kabla ya mwaka kuisha. Mama, aliyeiendesha nyumba ile miaka 34, siku moja akaweka mwiko chini akamwambia: "Humu nahodha ni mimi." Sote tukaganda. Baba akasimama kimya, akafikiri, akauliza, "Nyuzi ngapi?"

Tangu siku hiyo mambo yakaenda.

Watu humtajia baharia ule msemo, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Humtajia kwa upole, kama pongezi ya kurudi nyumbani. Baba alikuwa akiwauliza kama wamewahi kufua maji ya ngama. Ngama ni chini kabisa ya chombo, yanakokusanyika maji yanayovuja, mahali penye uvundo kuliko pote. Alisema aliyetunga msemo ule alijua anachosema: unarudi pale ambapo maji yako mwenyewe yamekusubiri, nawe unashika chombo unaanza kuyatoa. Ndicho alichokifanya. Alimsindikiza kila mjukuu shuleni siku ya kwanza, kwa sababu hakumpeleka mtoto wake hata mmoja. Alijifunza kusuka nywele, vibaya, lakini fundo halikufunguka. Alijua ukubwa wa kiatu cha kila mtu.

Mwaka 2020 mjukuu wake, binti wa kaka, alikuwa baharini, afisa mdogo kwenye meli ya makasha. Mnakumbuka mipaka ilivyofungwa kwa ajili ya korona. Mabaharia wapatao 400,000 walikwama melini baada ya mikataba yao kwisha, bandari zikipokea shehena na kuwakataa walioileta. Mkataba wake wa miezi tisa ukawa wa miezi 14. Baba alikuwa na miaka 86. Alikaa na simu mkononi tangu asubuhi, akitazama ule mshale unaohama kwenye ramani kuonyesha meli ilipo. Meli ikiingia katikati ya bahari mshale hupotea, naye alikuwa hali chakula.

Akaomba daftari. Akaanza kupiga vistari, vya siku asizokuwepo mtoto.

Kama mwezi wa sita hivi wa vile vistari, niliingia jikoni nikawakuta wazee wangu wamekaa. Baba ameweka daftari lake mezani. Akamwambia Mama, "Sikujua." Mama akaendelea kuchambua alichokuwa akikichambua. Akasema, "Najua hukujua." Kisha akamsogezea kikombe chake. Mimi nikatoka kwa kunyata, na mpaka leo sijui kama waliniona.

Turudi kwenye hesabu, kaka ameshakohoa. Kutoka 1960 hadi 1994 Baba alikuwa mbali nasi takriban miaka 27 na miezi minane. Toka hapo hajalala nje ya nyumba ila hospitalini. Kwa hiyo nilikaa na kalamu nikaona kwamba deni alilimaliza mwanzoni mwa 2022, na yaliyobaki yote ni ziada. Nikaona ni jambo zuri la kuwaambia leo: kwamba umri mrefu ndio uliomwezesha kulipa, angekufa na miaka sabini angetufia na deni. Nikampelekea Mama. Akasoma tarakimu zangu, akanirudishia karatasi.

"Na riba?" akasema.

(Hapa walicheka mpaka nikashindwa kuendelea kwa muda. Mama hakucheka.)

Zamu ya Baba melini kwa miaka mingi ilikuwa ya saa kumi alfajiri mpaka saa mbili asubuhi, na tena jioni kwa saa zile zile. Anayeingia saa kumi huamshwa saa tisa na nusu. Kwa miaka 31 nyumbani hakuna aliyemwamsha, na kila usiku saa tisa na nusu alikuwa wima. Nilimsikia nikiwa msichana wa kuja likizo, nimemsikia nikija na watoto wangu. Anapita pekupeku. Anagusa komeo la mlango wa mbele. Anasukuma dirisha la ukumbini. Anakaza bomba la jikoni, linalovuja tangu zamani. Anasimama kwenye kila mlango wa chumba mpaka asikie mtu anapumua. Kisha anakaa ukumbini gizani, hawashi taa, kwa sababu taa huua macho ya usiku.

Wiki ile ya mwisho tulimrudisha nyumbani kutoka hospitali, tukagawana usiku. Wangu ulikuwa wa tatu. Saa tisa na nusu akafumbua macho, akajaribu kukaa, akashindwa. Akaniangalia muda. Sauti ilikuwa imebaki kidogo. Akasema: komeo la mbele, dirisha la ukumbini, bomba, sikiliza vyumba, Mama yako usimwamshe.

Nikamwambia, sawa Baba, lala.

Akasema, "Rudia."

Nikarudia. Komeo la mbele. Dirisha la ukumbini. Nisikilize vyumba. Mama nisimwamshe. Akawa bado ananitazama, haachii mkono wangu, sikujua nimekosa nini.

"Bomba," akasema.

"Na bomba, Baba."